Kushona Mvua ya Mwaka

Mwezi huu nataka kulitia mbele yenu swali moja, ambalo kwa kutazamwa upesi ni dogo, walakini limenisumbua siku nyingi. Swali ni hili: je, yampasa mtu kuweka hesabu ya kitu asichoweza kukibadili? Mvua hainyeshi kwa amri yetu, wala haikatiki kwa amri yetu. Basi mtu akaaye kila jioni na kuandika kwamba leo imenyesha, au leo haikunyesha, amefanya kazi gani? Tena kama haiandiki katika daftari, bali huishona katika kitambaa kwa sindano na nyuzi za rangi, mraba mmoja kwa siku moja, hata mwaka ukatimia, je, huyo ni mwenye hekima, au ni mwenye kupoteza saa zake na mwanga wa taa yake?

Nauliza kwa sababu nimekiona kitambaa cha namna hiyo katika nyumba ya mama mmoja wa upande wa Kyerwa, na maneno ya watu juu yake nimeyasikia. Wengine walikisifu kwa uzuri wa rangi zake. Wengine walisema, "Mama huyu hana shamba?" Nadhani wenye kusifu na wenye kucheka, wote pamoja, hawakuona kilichomo.

Yafaa nieleze desturi yenyewe, maana wengi hawajaisikia. Katika nchi za Ulaya na Marekani imeenea siku hizi. Mtu huchukua kitambaa chenye matundu yaliyopangwa sawasawa, akakigawa kuwa miraba 365. Kila siku hutazama joto la siku ile, akachagua uzi wa rangi yake, buluu kwa baridi, kijani kwa vuguvugu, nyekundu kwa joto kali; kisha hujaza mraba kwa mishono ya msalaba, yaani nyuzi mbili fupi zikatanazo, mshono ambao mama zetu wengi huujua kwa vitambaa vya meza na vya viti. Wengine hawashoni, hufuma kwa sufu, mstari mmoja kwa siku. Mwaka 2017, katika jimbo la Washington huko Marekani, watu wachache walianzisha kazi waliyoiita Tempestry, nao waliweka sharti kwamba kila rangi iwe na kipimo chake cha joto kisichobadilika, ili kitambaa cha mji mmoja kiweze kulinganishwa na cha mji mwingine, na cha mwaka huu na cha mwaka wa babu. Huko Uingereza Bibi Ellie Highwood, mtaalamu wa mambo ya hewa katika Chuo Kikuu cha Reading, alifuma blanketi lenye mistari ya joto la dunia, mstari kwa mwaka. Mwenziwe wa chuo kile, Bwana Ed Hawkins, akachora mistari ya namna hiyo mwaka 2018, buluu upande wa miaka ya kale na nyekundu upande wa miaka yetu, na mchoro ule umetembea dunia nzima.

Liko na jingine lililonifurahisha zaidi, ijapokuwa si la mvua wala la joto. Karibu na Munich, katika Ujerumani, mama mmoja aliyesafiri kila siku kwa gari moshi alifuma skafu mwaka 2018, na rangi zake zilihesabu kuchelewa kwa gari. Siku ya kuchelewa kidogo, au kutochelewa, alifuma kijivu. Siku ya kuchelewa sana alifuma nyekundu. Januari 2019 skafu ile iliuzwa kwa mnada kwa euro 7,550, na fedha zikapewa kazi ya huruma ifanywayo na makanisa katika vituo vya reli. Abiria wote wa dunia hulalamika, walakini mwenye kulalamika hukumbuka siku mbaya tu. Skafu ile ilizikumbuka na siku ambazo gari lilifika kwa saa yake, na kwa hiyo ilikuwa na haki ya kusema juu ya zile nyingine.

Basi tuirudishe habari hii nyumbani kwetu. Mtu wa Karagwe akitaka kushona joto la mwaka, atajuta. Nchi yetu iko karibu na mstari wa ikweta, tena iko juu milimani. Hapa tofauti ya alfajiri na adhuhuri ya siku moja ni kubwa kuliko tofauti ya Januari na Julai. Angeshona mwaka mzima kwa uzi mmoja au miwili, na kitambaa kingekuwa kama ukuta uliopakwa chokaa. Mwaka wa kwetu hutambulikana kwa mvua. Twaijua masika ya Machi hata Mei, na vuli ya Septemba hata Desemba, na katikati yake kiangazi cha Juni, Julai na Agosti, ambacho wazee wetu hukiita kyanda. Maharagwe hupandwa mara mbili kwa mwaka kwa kuifuata mvua. Mibuni iliyokaa kavu hungoja mvua moja nzuri, na baada ya siku chache shamba lote huwa jeupe kwa maua. Senene huja na mvua za Novemba, na watoto hawalali. Tena wenzetu wa Bukoba, ukingoni mwa Ziwa Victoria, hupata karibu milimita 2000 za mvua kwa mwaka, lakini sisi wa huku magharibi twapata karibu nusu yake. Aliye na nyingi aweza kutojali siku moja ya mvua. Sisi siku moja twaijali, maana yaweza kuwa ndiyo iliyobakiza maharagwe shambani au iliyoyaua.

Wala hesabu ya mvua si jambo geni katika nchi hii. Mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, waliingia Karagwe, wakakaribishwa na Mfalme Rumanyika katika ikulu yake ya Bweranyange. Speke alikuwa mtu wa vipimo; alipima hata unene wa wake wa wakuu, jambo ambalo lisingalimpata heshima katika nyumba yangu. Lakini alihesabu pia siku za mvua, mwezi kwa mwezi, na orodha yake ilichapwa pamoja na kitabu cha safari yake mwaka 1863. Msomaji wa orodha ile na atazame mambo mawili. La kwanza, alihesabu siku ambazo mvua ilinyesha, iwe nyingi au kidogo. Manyunyu ya robo saa na gharika ya usiku kucha vyote vilikuwa siku moja. La pili, Januari 1862 aliondoka kwenda Buganda, akamwacha Grant hapa na mguu wake mgonjwa hata Aprili; basi tangu hapo hesabu ya Speke si ya Karagwe tena. Orodha ni ya kweli, walakini haisemi zaidi ya macho ya mwenye kuhesabu. Katika ikulu ileile, kila mwandamo wa mwezi, ngoma zilipigwa na wakuu wakaja mbele ya mfalme. Nayo ilikuwa hesabu ya nyakati, ila haikuacha alama ambayo mjukuu angeweza kuisoma.

Tena iko hesabu nyingine iliyo ndefu kuliko zote, na maji yetu yamo ndani yake. Mto Kagera, uzungukao mipaka ya Karagwe na Kyerwa kuelekea Rwanda na Uganda, ndio mto mkubwa kuliko yote iingiayo Ziwa Victoria, na kutoka ziwani maji hushuka kwa Nile mpaka Misri. Huko Misri, karibu na Kairo, katika kisiwa cha Roda, kiko kisima chenye nguzo ya kupimia kimo cha mto, kilichojengwa mwaka 861. Na kumbukumbu za vipimo zilizosalia zaanza mwaka 622. Waliandika kimo cha juu cha kila mwaka na kimo cha chini. Mafuriko ya juu yalitoka hasa katika milima ya Ethiopia, lakini katika miezi ya maji haba, mto ulitunzwa kwa sehemu kubwa na maziwa ya huku kwetu. Kwa hiyo mzee wa Kyerwa wa miaka 1000 iliyopita, ambaye hakuandika neno, mvua ya shamba lake iliandikwa kidogo na mtu asiyemjua, aliyesimama kisimani mbali sana. Yule mwandishi naye hakuweza kuongeza shubiri moja ya maji. Walakini kodi ya nchi na chakula cha watu vilitegemea kwamba aandike kimo alichokiona, wala asiandike kile ambacho mtawala angependa kukisikia.

Hapo ndipo ninapoliona swali lenyewe. Sisi hudhani ya kuwa kazi ya mwenye kuhesabu mvua ni kujua mambo ya mvua. Mimi naona kazi yake ya kwanza ni kuwa shahidi.

Sikilizeni jinsi yule mama wa Kyerwa afanyavyo. Uani pake, mbali na migomba, pana kigingi, na juu yake kopo ambalo mdomo wake ni sawa na kitako chake. Kila asubuhi saa 3, saa ileile ambayo watu wa vituo vya serikali husoma vipimo vyao, hutia rula ndani ya kopo, akasoma, kisha akamwaga maji. Milimita moja ndani ya kopo ni sawa na lita moja juu ya kila mita moja ya mraba ya shamba. Jambo hili alipolieleza, mume wa jirani yake, aliyekuwa akicheka, alinyamaza akaanza kupiga hesabu ya shamba lake kwa vidole. Nyuzi zake ni hizi: rangi ya udongo kwa siku kavu, kijani kwa manyunyu yasiyopimika, buluu nyepesi kwa mvua isiyofika milimita 10, buluu iliyoiva kwa mvua ya 10 hata 30, na zambarau kwa ile ipitayo hapo. Mvua ya mawe hupewa tone moja jekundu katikati ya mraba.

Nilimwuliza, "Mama, kitambaa ni cheupe. Mbona siku kavu usiiache bila kushona, ukaokoa uzi?" Akanijibu, "Mchungaji, nikiiacha, nitajuaje kwamba haikunyesha, au kwamba mimi sikutazama?"

Neno hili laonekana jepesi, lakini ndugu zangu, limebeba mengi. Katika lugha yetu "hapana" ni neno moja na "sijui" ni neno jingine, walakini vinywani mwetu mara nyingi huwa kitu kimoja. Mtu huulizwa, "Fulani alikuwako?" Naye hujibu, "Hakuwako," hali ukweli ni kwamba yeye hakumwona. Baraza likiketi, jibu hili laweza kumpotezea mtu shamba. Yule mama ameununua uzi wa rangi ya udongo, na katika Julai huutumia karibu kila siku, nao ni uzi usio na uzuri wowote, ili tu "hapana" yake isichanganyike na "sijui" yake. Katika kitambaa kizima niliona miraba mitatu mitupu, imefuatana. Siku zile alikuwa hospitali akimwuguza mtoto. Alipoulizwa kwa nini hakuijaza, maana jirani walimwambia kwamba siku zote tatu hazikuwa na mvua, alisema, "Jirani waliniambia. Mimi sikuona."

Katika hili nadhani alikuwa mkali kuliko ilivyohitajika. Ushuhuda wa jirani mwaminifu nao ni ushuhuda, na mimi ningemruhusu aujaze mraba kwa nusu ya mshono, mstari mmoja usiokatwa na wa pili, ili kila mtu ajue kwamba hili limesikiwa, halikuonwa. Mradi alama ziwe mbali. Ubaya si katika kupokea habari ya mwingine. Ubaya ni katika kuivika nguo ya macho yako mwenyewe.

Yako na majaribu mengine ambayo mtu asiyejaribu kazi hii hayafikirii. Katika kiangazi, siku ya ishirini ya uzi uleule wa udongo, mkono huchoka na moyo husema, "Shona wiki nzima leo, nani asiyejua kwamba haitanyesha?" Naye akifanya hivyo, kesho yake, mvua moja ya Julai ijayo pasipo kuitwa yaweza kumkuta, na kitambaa chake kimekwisha sema uongo kabla ya siku yenyewe kuamka. Mwingine atapenda buluu yake iwe mahali pazuri, karibu na kona, apate maua ya kitambaa. Mwingine atasahau siku nne, kisha ataketi Jumapili jioni na kuzitunga. Ukimkemea atasema, "Ni kitambaa tu!" Naam, ni kitambaa tu, na hesabu ya sadaka ni karatasi tu, na daftari la ubatizo ni daftari tu. Walimu wa vikundi vyetu wanajua jinsi mahudhurio ya Jumapili nne yanavyoweza kuandikwa kwa kalamu moja siku moja, na tarakimu zote zikawa nzuri mno.

Hata swali la siku yaanza lini lina uzito wake. Mvua ikinyesha saa 8 usiku, ni ya Jumanne au ya Jumatano? Waswahili wa pwani huianza siku jua linapokuchwa, na usiku wa Jumatano kwao hutangulia mchana wake. Wengine huihesabu tangu saa 6 ya usiku. Mwenye kopo huihesabu tangu saa 3 asubuhi. Hakuna lililo kosa. Kosa ni kubadili katikati ya mwaka kwa sababu desturi nyingine ingempendezesha zaidi mwezi huu.

Sasa nizijibu shutuma, maana zipo za haki.

Wako wasemao kwamba kuhesabu mvua ni upungufu wa imani, nao hukumbusha habari za Daudi aliyewahesabu Waisraeli, na tauni iliyofuata. Wazee wetu nao hawakupenda mtu ahesabu ng'ombe au watoto kwa kidole, wakiogopa kwamba hesabu huita hasara. Sidharau hofu hiyo. Lakini tazameni, Daudi alihesabu watu wenye kushika upanga, apate kuujua uwezo wake, na mwenye ng'ombe ahesabuye mbele ya watu mara nyingi hutaka kusikiwa. Mwenye kuhesabu mvua hana cha kujivunia. Hakuna atakayesema, "Mwaka huu nimekuwa na milimita 900," kama asemavyo, "Nina ng'ombe 90." Katika hesabu nyingi za wanadamu mwenye kuhesabu ni mwenye mali, katika hii yeye ni mpokeaji, na kitambaa chake ni kama hati ya kupokea.

Wengine humtaja Mhubiri, katika sura ya 11, aliyemwonya mkulima mwenye kuuangalia upepo na mawingu hata asipande wala asivune. Shutuma hii ina nguvu zaidi. Nimewajua watu wa namna hiyo. Siku hizi hushika simu, na kila saa huuliza kama mvua itakuja, na jembe limelala. Lakini yule ambaye Mhubiri humsema hutazama mbele, akiitaka mbingu impe ahadi kabla hajatia mbegu. Mama mwenye sindano hutazama nyuma, na siku anayoishona imekwisha pita. Wala sindano haikumzuia. Nilipofika kwake maharagwe yake yalikuwa yameota, na ya wengine waliomcheka bado.

Tena wako vijana wasemao, kwa nini uzi, hali Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa habari, na satelaiti zatazama kutoka juu? Nawajibu kwamba habari zile ni njema na tuzitumie. Walakini kila mtu wa milima yetu ajua kwamba mvua yaweza kunyesha Kayanga na Omurushaka pakakauka, na kilima kimoja kikalowa hali jirani yake chatimua vumbi. Kilima chako hakina mwandishi ila wewe. Kuhusu daftari, nakubali kabisa: kwa hesabu ya milimita daftari ni bora kuliko kitambaa, na yule mama analo pia. Lakini daftari hufungwa na kuwekwa sandukuni, nalo husomwa na mwenye nalo. Kitambaa kimetundikwa ukutani, na kila aingiaye akiomba moto au chumvi hukisoma, hata asiyejua herufi. Jirani akiona mraba wa zambarau siku ambayo yeye alianika kahawa juani, atauliza. Shahidi wa hadharani huulizwa, na kwa kuulizwa hujifunza kuangalia.

Yote hayo ningeyaacha kuwa mambo ya nyumbani, kama lisingalikuwako neno moja zito.

Kumbukumbu ya mwanadamu juu ya mvua ni dhaifu mno. Hushika siku kubwa na kuziangusha ndogo. Wazee bado huzisimulia mvua za mwishoni mwa 1961, zilizolijaza Ziwa Victoria hata maji yakapanda zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964, kimo ambacho kilifikiwa tena Mei 2020. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 kila mtu mwenye umri wangu anazo. Lakini ni nani awezaye kuniambia vuli ya 2003 ilianza tarehe gani katika kijiji chake? Katika shimo hilo la usahaulivu hukua maneno. Watu husema, "Zamani mvua ilijua siku yake." Pengine ni kweli, pengine wanaikumbuka ile miaka iliyokuwa mizuri tu. Maneno haya hayana madhara wakati wa shibe.

Walakini vuli ikichelewa, wiki ya kwanza watu hutazama mbingu. Wiki ya pili hunung'unika. Wiki ya tatu hutazamana. Husemwa kwamba mvua imefungwa, nayo hutafutiwa mfungaji. Na huyo apatikanaye karibu kila mara ni mtu asiye na mtetezi: kikongwe, mjane, mgeni aliyehamia, mtu akaaye peke yake. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wako vikongwe waliouawa kwa shutuma za uchawi, na wengine wao hawakuwa na dalili nyingine ila macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jiko. Shutuma huwa na mzizi huu: "Haijapata kuwa hivi. Tangu tuzaliwe mvua haijachelewa namna hii, basi yuko mtu." Sentensi ya kwanza ni ushuhuda. Wale waisemao hawakuitunza hesabu yo yote, wanasema "haikuwa" hali wangepaswa kusema "sikumbuki." Katika Katekisimo twajifunza amri ya 8, ya kutomshuhudia jirani uongo, nasi hufikiri juu ya baraza na mahakama. Sidhani wengi wetu wamefikiri kwamba mtu aweza kuivunja kwa kusema habari za mvua.

Tuseme basi katika kijiji hicho kimetundikwa kitambaa cha mwaka uliopita, nacho chaonyesha siku 17 kavu mfululizo katika Oktoba ileile, na mwaka ule huyo bibi mshitakiwa alikuwa kwa binti yake Mwanza. Sisemi kitambaa kitamfunga mdomo mwenye hasira. Hasira haisomi miraba. Lakini katika kila kundi la watu wenye hasira wamo wengi wasio na hasira ila wana woga tu, nao hungoja mtu mmoja aseme neno lenye tarehe. Mwinjilisti akiwa na neno hilo mkononi, yuko tofauti sana na mwinjilisti mwenye huruma tu. Na hapo yaonekana kwa nini ile miraba mitatu mitupu ina thamani. Kama mama angekuwa na desturi ya kuzitunga siku ambazo hakuziona, mwenye busara angeuliza, "Na hizi 17, je, umezitunga pia?" naye angekosa jibu. Kwa kukiri siku 3 ameziokoa 362.

Lakini tusikitwike kitambaa mzigo usio wake. Mwaka mmoja hauwezi kutuambia kama mvua za Karagwe zimepungua au zimehama. Wataalamu wa hewa, wakitaka kujua kawaida ya mahali, huchukua miaka 30. Mtu akishona mwaka mmoja kisha akapita vijijini akisema, "Nimethibitisha kwamba nchi imebadilika," ameifanya sindano yake kuwa tarumbeta. Amethibitisha mwaka mmoja, juu ya kilima kimoja, kwa kopo moja. Miaka 30 ni kazi ya mama na binti yake, na pengine mjukuu, wakizishika rangi zilezile. Na ndiyo sababu wale wa Tempestry waliweka sharti la rangi zisizobadilika. Binti akisema zambarau imepitwa na wakati, afadhali kijani, ushuhuda wa mama yake umekatika hapo.

Kwa kuwa akina mama wa sharika mbili wameniuliza jinsi ya kuanza, nitaeleza kwa kifupi. Msianze Januari kwa kuwafuata Wazungu. Anzeni tarehe 1 Septemba, kabla vuli haijashika, ili vuli yote na masika yote yaingie katika kitambaa kimoja. Hesabuni miraba 365, na 366 ikiwa Februari ya mwaka mrefu imo ndani. Safu kumi na mbili za miezi ni rahisi kusomwa kuliko mstari mmoja mrefu. Rangi zisizidi tano, na maana yake ishonwe pembeni kwa herufi kubwa, pamoja na jina la kijiji na mwaka, maana kitambaa kisicho na jina la mahali ni pambo. Uzi wa udongo nunueni mara mbili ya zote, tena nunueni zote siku moja katika duka moja, kwa kuwa uzi wa rangi ileile ukiletwa mwezi mwingine mara nyingi haulingani. Kopo liwe mbali na nyumba na miti angalau mara mbili ya urefu wake, wala kuku wasilifikie. Watoto wa shule wapewe zamu ya kusoma rula, na jina la aliyesoma liandikwe katika daftari.

Siku isiyosomwa iacheni nyeupe.